Disketi Juu ya Mafiga

Tulipobomoa jiko la Bibi, mwaka mmoja baada ya kumzika, mimi ndiye niliyepanda darini. Binamu zangu walikuwepo na mashoka yao na makelele yao, lakini dari lile la mianzi lilikuwa langu tangu zamani na hakuna aliyebisha. Moshi wa miaka yote ulikuwa bado umo. Ukigusa mwanzi mmoja tu harufu inashuka: kuni za miwati, masizi, mafuta ya nyama za sikukuu, na ule ukali mdogo unaokaa kooni. Nikapapasa kati ya magunzi makavu nikakuta kitu bapa, kigumu, cheusi tii. Nikakifuta kwa pindo la khanga. Kikatokea kimlango cha bati. Nikakivuta kwa ukucha, nikakiachia, kikajifunga chenyewe: tap.

Nilicheka mpaka nikashikilia boriti. Huko chini wakaanza kuulizana nimepatwa na nini.

"Ni disketi," nikawaambia. "Ile yangu."

"Ya mama yako hiyo," akajibu mmoja wao, tena kwa kujiamini kabisa.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Uongo huu umekaa kwenye familia yetu mpaka umeota mvi. Wote husema Mama ndiye aliyechagua draivu ya kompyuta yetu, kile chombo cha kusomea disketi, kwa akili zake na elimu yake, na Mama mwenyewe husimulia hivyo mbele yangu bila haya. Nilikuwa na miaka tisa, na nasema leo kwa sauti: draivu ile niliichagua mimi. Kwamba sikujua kuwa nachagua, hilo ni jambo jingine.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Ghafla sabuni ikawa haina foleni, mitumba ikamwagika mpaka vijijini, kila mwenye chumba cha mbele akatoboa dirisha akafungua duka. Na wakati huohuo watu wakawa wanapunguzwa kazi serikalini. Mama alikuwa bibi shamba. Alizunguka vijiji vya Njombe kwa baiskeli ya ofisi, akiwafundisha watu kupanda viazi kwa mistari. Siku moja ikaja barua. Baiskeli ikarudi ofisini, Mama akarudi nyumbani kwa miguu akiwa ameshika pampu, kwa sababu pampu ilikuwa ya kwake.

Baba alikuwa mtu wa reli, kazi yake iko Tunduma, anakaa chumba kimoja cha kupanga. Tulimwona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Mama, na Bibi mzaa mama, ambaye jiko lake lilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wetu. Bibi aliniita mke mwenzangu. Nilikula kwake kabla ya kula kwetu, na nikishakula kwetu nilirudi kwake kuangalia kama kuna kilichobaki.

Sasa kompyuta. Jirani yetu alikuwa daktari wa Kizungu, na alipomaliza muda wake akampa Mama vitu alivyoona ni vizito kubeba: televisheni ndogo, printa ya pini, na kompyuta yenyewe, kibao kinene cha herufi ambacho akili zake zote zilikuwa humohumo chini ya vitufe. Unaiunganisha na televisheni, unaandika. Mama chuoni alijifunza kupiga taipu, vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akasema basi, tutawachapia watu barua, risala, mitihani. Tabu ilikuwa moja. Kompyuta ile ukiizima inasahau kila kitu. Ili ikumbuke ilibidi uiunganishe na redio kaseti, ubonyeze vitufe viwili, maneno yaingie kwenye utepe kwa sauti ya kriii na kwaaa, sauti ambayo Bibi alisema ni ya kuku anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Siku ya kuyarudisha, mara yanarudi, mara hayarudi.

Mwalimu Mkuu wa sekondari moja ya jirani akasikia habari zetu. Mtihani wake wa majaribio ulikuwa umevuja mwaka uliopita, akatafuta mahali pa kuchapia pasipo na watu wengi. Mama akachapa mtihani wa Kilimo siku mbili, akauweka kwenye kaseti, umeme ukakatika, ukarudi, Mwalimu akaja. Mama akabonyeza. Kaseti ikalia vizuri tu, lakini kwenye televisheni hapakutokea hata koma.

Mwalimu alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotutisha. "Mama Upendo," alisema, "nitakupa mara moja zaidi. Mimi nahitaji mashine inayokumbuka. Walimu wangu watasahihisha, nitarudi na masahihisho, nataka niukute mtihani uleule, turekebishe, tukate stensili za kudurufia. Ikikumbuka, mitihani yangu yote ni yako. Ikisahau tena, nitarudi kwenye taipureta, na tusilaumiane."

Alipoondoka Mama akaniambia ukweli kama vile mimi ni mtu mzima. Kazi hii ikishindikana tunafunga nyumba, tunahamia Tunduma kwa Baba.

"Na Bibi?" nikauliza.

"Bibi atabaki. Chumba ni kimoja, Upendo."

Nilikwenda jikoni kwa Bibi nikakaa karibu na mafiga, nikala kiazi cha kuchoma bila kusema neno. Haijapata kutokea nikala bila kusema neno, na Bibi akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Wiki iliyofuata Mama akaifunga cherehani yake kwenye blanketi tukaenda nayo Makambako, kwenye kabini ya lori la mbao la mtu wa kanisani kwetu. Makambako ilikuwa mji wa upepo na wa watu kutoka kila upande. Barabara zinakutana pale, reli inapita pale, na kitu kikikosekana Njombe, jibu lilikuwa hilohilo: kaulize Makambako. Duka la Mzee Shabani lilikuwa nyuma ya soko. Alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu mcha Mungu, na alivaa koti la jeshi juu ya kanzu kwa sababu ya baridi, miaka yote aliyokaa kwetu hakuizoea. Alinunua shehena za vitu vilivyotumika kutoka Dar es Salaam, akauza pasi, redio, taipureta, na vitu vingine ambavyo yeye mwenyewe hakujua ni vya nini.

"Kamwene, mama!" alitusalimu kwa lugha yetu, akajicheka.

"Kamwene. Shikamoo, Mzee Shabani."

"Marahaba. Na hiyo baridi, mmeibeba kutoka kwenu au mmeikuta njiani?"

Mama akamweleza shida yake, akamwonyesha karatasi aliyonakili jina la mashine. Mzee Shabani akaingia stoo, akatoka na maboksi mawili, akayapuliza vumbi. "Hizi zimekuja pamoja, kutoka shule fulani huko Ulaya. Nimeambiwa zote mbili zinakubali mashine kama yako. Zaidi ya hapo, mama, sikudanganyi, najua tu kwamba hii nzito na hii nyepesi."

Ile nzito ilikuwa na ukubwa wa tofali, ya chuma, imara kweli. Disketi zake zilikuwa pana na laini, zinapinda ukizishika, zina tundu kubwa katikati na dirisha ubavuni unamoona utepe wa kahawia ndani. Zilikuja kumi, mpya, kila moja na mfuko wake wa karatasi. Ile nyepesi ilikuwa ndogo kama kitabu cha nyimbo za ibada, na disketi zake zilikuwa mbili tu, ngumu, ndogo za kutosha mfuko wa shati.

"Maneno yanakaa wapi?" nikauliza.

"Upendo," Mama akanionya.

"Mwache aulize. Yanalala humu ndani, binti yangu. Ukiyataka, unayaamsha." Akamgeukia Mama. "Niliulizia pia namna ya kuzitunza. Wakaniambia adui yake mkubwa ni unyevu. Zikae pakavu, basi."

Mama akaifungua cherehani. Mzee Shabani akazungusha gurudumu lake, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Cherehani kwa draivu moja, ndiyo yalikuwa mapatano. Lakini ipi? Mama aliziangalia mpaka nikachoka kusimama. Mwishowe akasema, "Nipe zote mbili, wiki moja. Nitazijaribu, Jumatatu narudisha moja."

Mzee Shabani akafikiri. "Sawa. Cherehani naiweka hapa, siiuzi mpaka Jumatatu. Ila itakayorudi, irudi nzima na vyake vyote."

"Na vyake vyote," Mama akaahidi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimepakata boksi la disketi kumi, nikiwaza juu ya maneno yaliyolala. Mimi nilikuwa mtoto wa bibi shamba, mjukuu wa mkulima. Kitu kidogo kikavu ambacho kina kitu kingine kimelala ndani, ukakitunza pakavu, ukakiamsha siku yake, kilikuwa na jina moja tu kichwani mwangu. Sikumwuliza mtu. Nani huuliza jambo analolijua?

Nyumbani Mama akaunganisha draivu zote, mojamoja, akamwita Bibi aje ashuhudie. Bibi akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, hakutaka kukaribia.

"Mama, sema neno lolote niandike," Mama akamwambia.

Bibi akanitazama. "Andika: mtoto huyu hajala."

"Mama jamani, sema la maana."

"Hilo ndilo la maana. Umempeleka Makambako na kumrudisha, na mtoto huyu hajala."

Mama akacheka, akaandika hivyohivyo, akaweka kwenye disketi pana, akaweka na kwenye ndogo. Akazima kila kitu. Akawasha. Yakarudi! Kwanza kwa ile kubwa, ikinguruma mpaka meza ikatetemeka, kisha kwa ile ndogo, kimyakimya. Mama alisimama akapiga makofi peke yake. Hapo tukajua mashine yetu imepata kumbukumbu, na swali lililobaki lilikuwa la kuchagua tu.

Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kubwa. Fundi wa redio wa karibu na stendi alikuja kuangalia, akainua ile ya chuma kwa mikono miwili, akasema, "Chukua hii, mama. Kubwa ina nguvu. Umeona wapi kigari kidogo kikabeba mbao?" Tena ile kubwa ina disketi kumi, na ndogo ina mbili, na mbili zikiisha utanunua wapi? Mama akachapa mtihani wa Kilimo upya siku tatu, kila jioni anauweka kwenye disketi pana, na kwa tabia yake ya kutoamini kitu, anauweka na kwenye ile ndogo. Siku ya nne akamchapia Mwalimu nakala ya kusahihisha. Naye akaja kuichukua, akasema atarudi Jumamosi. Mama akairudisha draivu ndogo kwenye boksi lake, akalifunga kamba tayari kwa safari ya Makambako.

Jioni hiyohiyo tukapata habari za msiba Ludewa, shangazi yake Mama. Asubuhi akaondoka. Mlangoni akanishika mabega yote mawili. "Disketi ziko kwenye kabati la vyombo, kubwa na ndogo. Bibi yako hajui mambo haya, kwa hiyo nakuachia wewe. Unyevu usiziguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Na nilikuwa nimesikia, haki ya Mungu. Shida ni kwamba mchana ukungu ukashuka, ule wa kwetu unaoingia ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni. Kuta zikatoka jasho. Blanketi likawa zito. Kiberiti kikagoma kuwaka. Nikafungua kabati la vyombo nikaona vitone vya maji kwenye sahani, sentimita chache kutoka kwenye boksi, na moyo ukanilipuka. Nikakimbilia jikoni kwa Bibi, mahali pekee pakavu kwenye mji wote kwa kadiri nilivyojua.

"Bibi, disketi zitaoza! Mama amesema unyevu usiziguse!"

"Hizo disketi zina nini ndani?"

"Maneno. Yamelala. Mwalimu akija tunayaamsha."

Bibi aliacha kukoroga maharage. "Mbegu za mahindi tunaweka wapi, mke mwenzangu?"

"Darini."

"Na msimu ukifika zinaota, hazioti?"

"Zinaota."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nilifanya kazi ile kwa heshima zote. Nilijua namna mahindi ya mbegu yanavyotunzwa: unafunua maganda yapate hewa, unafunga mawilimawili kwa kamba ya gome la mti, unatundika juu ya moshi mahali ambapo mdudu hathubutu. Basi nikazivua disketi mifuko yake ya karatasi, zote kumi. Lile tundu la katikati likaniambia kila kitu, nikaona waziwazi aliyezitengeneza alifikiria kamba. Nikazifunga jozi tano, nikapanda ngazi, nikazitundika kwenye boriti katikati ya mahindi. Bibi akatazama kutoka chini, akasema zimekaa vizuri kuliko mahindi yenyewe. Zile mbili ndogo zilinisumbua, kwa sababu hazikuwa na tundu la kupita upande wa pili, na kimlango chao kila nikikifungua kinajifunga.

"Hizi hazikubali kamba, Bibi."

"Zisukumie tu katikati ya mahindi. Mbegu kaidi nayo huota."

Siku tatu Bibi alipika makande, maharage na kila kitu kinachotaka moto wa muda mrefu. Nilikuwa nikiinua macho naona disketi zangu zinayumba taratibu ndani ya moshi, nami nasikia amani kubwa.

Jumamosi Mwalimu Mkuu alifika kabla ya Mama. Nikampa kiti na chai. Mama akaingia akiwa na vumbi la Ludewa mpaka kwenye nyusi, akasalimia, akanawa mikono harakaharaka, akawasha mashine na ile draivu ya chuma. Mwalimu akatandaza karatasi zake zenye wino mwekundu. Mama akafungua kabati.

"Upendo. Disketi?"

"Nimezitunza!" nikasema. "Subiri uone!"

Nikatoka mbio, nikarudi na jozi zote tano nimezivaa shingoni.

Sijasahau uso wa Mama, na sitausahau. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Zile disketi zilikuwa zimepata rangi ya sufuria, na madirisha yao ya ubavuni yalikuwa wazi, yamekunywa moshi siku tatu. Harufu ya makande ikajaa sebuleni. Mama akazivua shingoni mwangu. Akakata kamba, akafuta moja kwa leso, akaiingiza. Draivu ikakwaruza, ikakohoa, ikanyamaza, na televisheni ikaandika kwamba kuna kosa. Akaweka ya pili, ikawa vilevile. Aliziweka zote kumi ingawa mtihani ulikuwa kwenye moja tu, nadhani alikuwa amechanganyikiwa. Ya kumi ilipokwaruza, Mwalimu akaanza kukusanya karatasi zake, taratibu, akizilinganisha pembe.

Mama akakaa chini. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Nilimwona akiangalia kona za chumba, moja baada ya nyingine, nikaelewa kwamba anahesabu vitu vya kufunga kwenda Tunduma. Nikaona jiko la Bibi likifuka moshi bila mimi. Nikaanza kulia kwa sauti ya ng'ombe.

"Bado zile ndogo," nikasema katikati ya kilio.

"Nazo umezifunga kamba?"

"Zilikataa! Hazina tundu!"

Mama akainuka ghafla. "Kazilete."

Sijawahi kukimbia hivyo. Bibi aliziona kabla yangu, akazitoa kati ya mahindi kwa ncha ya mwiko, na mara hii akaja nyuma yangu mpaka ndani sebuleni. Mama alikuwa ameshakata kamba ya lile boksi la kurudishwa na kuunganisha draivu ndogo. Akaifuta disketi masizi ya juu, akavuta kimlango, akachungulia ndani. Akaninong'oneza, "Pasafi." Akaisukuma, ikaingia kwa mlio mdogo wa kuridhika. Taa ikawaka. Mama hakuthubutu kuuita mtihani kwanza. Akaita kitu kidogo.

Mwalimu Mkuu akainama mbele ya televisheni, akasoma kwa sauti yake ya darasani: "Mtoto huyu hajala."

Akazitazama karatasi zake, akauliza, "Hili ni swali la ngapi?"

"Imesema nini?" Bibi akauliza. Hakujua kusoma.

"Imesema mtoto huyu hajala, Mama!" Mama akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Imesema mtoto huyu hajala!"

"Si nilisema mimi?" Bibi akainua mwiko. "Si nilisema?"

Kisha Mama akauita mtihani, ukapanda wote, mstari kwa mstari, swali la kwanza mpaka la mwisho, na jina la shule juu. Bibi akapiga vigelegele bila kuelewa kilichopanda, na wa nyumba ya pili akaitikia bila kujua sababu. Mwalimu akarudi kwenye kiti, akatandaza tena wino wake mwekundu. Walisahihisha mpaka jioni. Printa ikatolewa utepe, ikawekewa stensili, ikaanza kupiga pini zake kavu, tatata tatata. Sijasikia ngoma tamu kuliko ile. Mwalimu alipoondoka na stensili zake alimshika Mama mkono kwa mikono miwili. "Mashine yako inakumbuka, Mama Upendo," akasema. "Hata kwenye moshi inakumbuka."

Mama akaingiza ile draivu ya chuma kwenye boksi, akalifunga kwa kamba ileile aliyokata, kwa fundo. Akanigeukia. "Ndogo," akasema. "Ile inayojua kufunga mlango." Sasa niambieni, hapo aliyechagua ni nani?

Jumatatu tulirudi Makambako na draivu kubwa, disketi kumi za rangi ya sufuria, na gunia la viazi ambalo Bibi alilichagua kiazi kwa kiazi, kwa sababu Mama aliahidi vyake vyote virudi na vilikuwa havirudi. Mama hakuzungusha maneno. Alisimama mbele ya kaunta akasema yote, mpaka habari ya kamba. Mzee Shabani akachukua disketi moja, akainusa. Akainusa tena. Mabega ya lile koti la jeshi yakaanza kutikisika.

"Mama," alisema alipoweza kusema, "mmezikausha kama samaki wa Lupingu!" Akaita watu wa duka la jirani waje wanuse. Akaniita mimi. "Ni huyu fundi? Binti, nilikwambia yamelala, sikukwambia uyachome!" Akacheka tena mpaka akajifuta macho. Kisha akawa mtu wa biashara. "Lakini umenifundisha. Mimi nilikuwa nauza nisichokijua. Sasa mtu wa Njombe akija, mtu wa Makete, nitamwambia ndogo imepita kwenye moshi wa Wabena siku tatu na ikaamka. Hiyo nyingine siiweki hata dirishani." Viazi alivikubali. Cherehani ikabaki kwake, na tangu siku hiyo kila disketi ndogo zilipoingia kwenye shehena zake, alizitenga kwanza za Mama Upendo.

Hatukuhamia Tunduma. Baba ndiye aliyehamia kwetu, miaka mitatu baadaye, akamkuta Mama ana chumba cha mbele chenye kibao cha UCHAPAJI na walimu wamepanga foleni kwenye benchi. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawakulijua hadi leo, nalisema kwa kuwa jiko lenyewe halipo tena. Mwalimu Mkuu aliogopa mtihani kuvuja. Akamwuliza Mama disketi anazilaza wapi. Mama akamwonyesha kwa kidole: kule, jikoni kwa mama yangu, juu ya mafiga, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa vizuri, katikati ya mbegu. Wezi wa mitihani walivunja makabati ya shule, walichungulia madirisha ya ofisi. Hakuna aliyewahi kufikiria kumpita Bibi na mwiko wake akapande darini. Miaka yote ile haukuvuja mtihani hata mmoja.

Disketi ya kwanza peke yake haikuingia kwenye kopo. Bibi aliidai. Alisema ile ina maneno yake, irudi mahali pake, na Mama alipokwisha kuhamisha mtihani akamrudishia.

Siku ile tulipobomoa jiko nikaipeleka dukani kwa Mama. Ana mashine za kisasa sasa na vijana wawili wa kazi, lakini ile ya zamani hajaitupa, iko juu ya rafu na draivu yake, imefunikwa kitambaa alichofuma. Tukaazima televisheni ya zamani kwa jirani. Niliifuta disketi kwa uangalifu, kimlango nje na ndani, na Mama akaniambia nisitegemee, ni miaka mingi, hata chuma huchoka. Akaisukuma. Taa ikawaka. Ikafikiri sana kuliko zamani.

*Mtoto huyu hajala.*

Mama alisoma, akasoma tena, akagusa kioo cha televisheni kwa vidole viwili. Harufu ya miwati ilikuwa imeshajaa duka zima, na vijana wake waliacha kazi wakitutazama, hawakuthubutu kuuliza. Kisha akanigeukia, mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, nina mvi zangu.

"Upendo," akasema. "Tangu asubuhi. Umekula?"

Nikamwambia bado, Mama.